UZI: Kusoma bure kwa simu bila bando, na serikali inapoingiza mkono

KabatiLaVitabu

Wakuu, heshima kwenu.

Kila inapotangazwa huduma ya kusoma bila kukatwa data, maswali ni yale yale: itafunguka kwenye simu yangu, na siku serikali ikichukia itafungwaje? Nayaweka kwenye uzi mmoja kwa makusudi. Kampuni ya simu ikitaka kukupa tovuti bure, lazima mtambo wake uwe na orodha ya anwani zisizokatwa. Serikali ikitaka tovuti isifunguke, huipelekea kampuni hiyohiyo orodha ya anwani zisizopita. Kazi ya kuchambua nani anakwenda wapi ni ileile. Kinachobadilika ni mwandishi wa orodha.

Kwa walioingia karibuni: Wikipedia Zero ilianza 2012. Wikimedia Foundation, taasisi inayoendesha Wikipedia, ilikubaliana na kampuni za simu ili wateja wao wasome bila kukatwa data, na hakuna aliyemlipa mwenzake. Mpango ulipofungwa 2018 ulikuwa umepita kwenye kampuni 97 katika nchi 72, na watu waliofikiwa na huduma hiyo walihesabiwa zaidi ya milioni 800. Facebook walianza Internet.org 2013, programu yao ikatoka Zambia Julai 2014, na Septemba 2015 wakaibatiza Free Basics. Tofauti yake kubwa: Wikipedia Zero ilikupeleka moja kwa moja kwenye seva za Wikipedia, Free Basics ilikupitisha kwanza kwenye seva za kati za Facebook.

Karibuni. Ombi langu moja, tusijaze uzi kwa "kwangu inafunguka". Leteni utaratibu, na sababu ya kitu kukwama.

FundiBendi

Nianze na orodha yenyewe, maana hapo ndipo watu hukatwa data halafu wanalia wametapeliwa.

Mtambo wa kampuni unaweza kuitambua tovuti ya bure kwa njia tatu. Ya kwanza ni anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha seva: kampuni inaandikiwa safu za anwani za tovuti, na chochote kinachokwenda huko hakihesabiwi. Ya pili ni jina la tovuti linalopita wazi mwanzoni mwa muunganisho wa HTTPS, lile tunaloliita SNI. HTTPS inaficha ukurasa unaosoma, lakini jina la tovuti hutangulia kabla ya kufuli kufungwa, kwa hiyo mtambo unalisoma. Ya tatu ni proksi: kila kitu kinapita kwenye seva moja ya kati, na kampuni haihitaji kujua zaidi ya anwani ya seva hiyo.

Sasa, mambo yanayofanya "bure" ikukate:

VPN (handaki linalopitisha kila kitu kwa siri kwenye seva ya mtu mwingine), au kivinjari kinachobana data kwa kupitisha kurasa kwenye seva zake. Mtambo unaona unakwenda kwenye seva ya VPN, hauoni Wikipedia. Unakatwa kama kawaida, na bando likiisha hakifunguki kitu. Hakuna ujanja hapa: ukitaka bure lazima mtambo uone unakokwenda, ukitaka kujificha lazima ulipe.

IPv6. Wikipedia inapatikana kwa aina mbili za anwani za IP, IPv4 ya zamani na IPv6 mpya. Kampuni ikisajili safu za IPv4 peke yake na simu yako ikachagua IPv6, unalipia. Nenda kwenye mipangilio ya APN, sehemu ya itifaki ya APN, weka IPv4 tupu, zima data uwashe tena.

DNS ya faragha (DNS ndiyo inayotafsiri jina la tovuti kuwa anwani ya IP). Hii huwakamata wajanja. Kwenye Android 9 na kuendelea ukiandika jina la seva ya DNS kwa mkono, simu inagoma kutumia nyingine yoyote. Bando likiwa limeisha, seva hiyo haimo kwenye orodha ya bure, majina hayatafsiriwi, na tovuti ya bure inaonekana imekufa kumbe ni wewe umejifungia nje. Irudishe kwenye "otomatiki" unapotumia huduma ya bure.

Programu za nyuma. Unasoma makala bure huku picha zako zinapanda wingu kwa data ya kulipia. Washa kiokoa data cha simu kabla ya kulaumu mtu.

Msomaji_Kimya

Mkuu FundiBendi, maandishi yanakuja lakini picha zinabaki viboksi vitupu. Tatizo ni simu?

FundiBendi

Si simu. Picha za Wikipedia hazikai kwenye sw.wikipedia.org, zinatoka upload.wikimedia.org. Kuingia kwenye akaunti nako kunagusa auth.wikimedia.org. Anayeorodhesha kwa jina asipoyaweka yote unapata nusu ukurasa. Ukiwa na bando, picha zinakuja ila unakatwa kimyakimya. Ukiwa huna, viboksi. Zima upakiaji wa picha kwenye kivinjari, na makala hupungua uzito sana.

Enzi za Wikipedia Zero kampuni ilichagua: anwani yenye "zero" ilikuwa maandishi matupu, picha ukizitaka unaonywa kwanza, anwani ya simu yenye "m" ilikuja na picha. Na ukibofya linki ya nje, ulitokea ukurasa wa kukutahadharisha kwamba kuanzia hapo unalipa.

Tundu_la_Sindano

Hapo pa linki za nje ndipo ugomvi wangu na huduma hizi ulipo. Makala ya ensaiklopidia inasimama kwa vyanzo vyake. Ukimpa mtu makala bure na vyanzo kwa pesa, umempa hukumu bila ushahidi. Msomaji hawezi kuhakiki lolote, anameza tu. Halafu kampuni ya simu, si msomaji, ndiyo imeamua kuwa hiki ni maarifa na kile si maarifa.

India waliliona hili. Tarehe 8 Februari 2016 mamlaka yao ya mawasiliano, TRAI, ilipiga marufuku kampuni kutoza bei tofauti za data kulingana na maudhui, na Free Basics ikaondoka. Ulaya Mahakama ya Haki ya Umoja ilifika huko Septemba 2021: vifurushi vya kutohesabu programu fulani vinapingana na kanuni ya kuutendea usawa mtandao.

PwaguNaPwaguzi

Mkuu, hoja yako ni ya mtu mwenye bando. Asiye nalo huyo unayemtetea usawa wake anapata usawa wa kutosoma kabisa. Kanuni ya India haikumnunulia mtu data, ilimwondolea kilichokuwepo.

Tundu_la_Sindano

Ilimwondolea mlango ambao mtu mmoja ameshika ufunguo. Ukiwa na tovuti 20 za bure badala ya intaneti, serikali haihangaiki kuzuia tovuti milioni. Inamwita mwenye orodha, wanakunywa chai, tovuti 20 zinakuwa 19. Na haiitwi udhibiti, inaitwa "tumeboresha kifurushi". Hakuna amri ya mahakama wala tangazo, hakuna kitu cha kukatia rufaa. Ndiyo maana naliogopa hilo kuliko kuzuiwa waziwazi.

Kuna na Angola. Machi 2016 iliripotiwa kwamba watumiaji wa huko, waliokuwa na Wikipedia na Facebook bila kukatwa, walikuwa wanapandisha filamu na muziki kwenye Wikimedia Commons, hifadhi ya picha na faili za Wikipedia, zikiwa zimefichwa ndani ya faili za JPEG na PDF, halafu wanagawana linki kwenye makundi ya Facebook. Wahariri wa kujitolea wakabaki na kazi ya kufuta. Wengine waliwaita wezi. Mimi naona ukimwachia mtu tundu moja la bure, atapitishia humo kila anachokihitaji.

PwaguNaPwaguzi

Hapo kwenye "tumeboresha kifurushi" nakubali. Kwingine kote bado nasimama nilipo: aliyesoma dozi ya dawa bure leo hana muda wa kungoja kanuni ikomae.

Bi_Kurunzi

Niingie upande wa udhibiti, maana watu wanaongea kana kwamba serikali zote zina kitufe kimoja.

Kabla ya 2015 sehemu kubwa ya usomaji wa Wikipedia ulikwenda kwa HTTP ya wazi. Mtambo uliona jina la makala yenyewe, kwa hiyo mdhibiti aliweza kuchomoa makala moja na kuiacha tovuti nzima. Iran ilifanya hivyo kwa wingi: utafiti wa 2013 ulikuta makala 963 za Wikipedia ya Kiajemi zimezuiwa, za siasa, dini, mahusiano ya kijinsia, na wasifu wa watu. Hata Uingereza, Desemba 2008, kampuni za intaneti zilizuia ukurasa mmoja kwa sababu ya picha ya jalada la albamu, kwa orodha ya taasisi ya Internet Watch Foundation. Walichokifanya ni kupitisha wateja wote kwenye proksi chache, kwa hiyo Wikipedia ikaona maelfu ya watu wana anwani moja. Mhuni mmoja akifungiwa kuhariri, wote walifungiwa naye. Baada ya siku chache kizuizi kiliondolewa.

Juni 2015 Wikimedia ilitangaza HTTPS kwa kila kitu. Kuanzia hapo mtambo unaona "sw.wikipedia.org" na basi. Mdhibiti akabaki na machaguo mawili: aache yote au afunge yote. Urusi walijaribu Agosti 2015, wakitaka makala ya charas, ule utomvu wa bangi, iondoke. Baadhi ya kampuni zikajikuta zinafunga Wikipedia ya Kirusi yote, na amri ikafutwa haraka. Uturuki walichagua kufunga: 29 Aprili 2017 lugha zote zikazimwa kwa sababu ya makala mbili, moja ya ugaidi unaofadhiliwa na mataifa na nyingine ya nchi za nje katika vita vya Syria. Ilibaki hivyo hadi 15 Januari 2020, baada ya Mahakama ya Katiba kuamua 26 Desemba 2019, kwa kura 10 dhidi ya 6, kuwa kizuizi kilikiuka uhuru wa kujieleza. Pakistan Februari 2023 walifunga na kufungua ndani ya siku chache. China Aprili 2019 walifunga lugha zote, na hawajali hasara.

Kwa hiyo HTTPS ilipandisha bei ya kuzuia, haikuiondoa. Na jambo moja linasahaulika: jina la tovuti linabeba lugha. Anayechungulia hajui unasoma makala gani, lakini anajua unasoma Wikipedia ya lugha gani na saa ngapi. Mahali penye lugha inayoshukiwa, hiyo peke yake ni taarifa.

Msomaji_Kimya

Dada Bi Kurunzi, nitajuaje imefungwa kwa amri au ni mtandao umelala tu?

Bi_Kurunzi

Usiangalie kama "inafunguka", angalia inakufaje.

Kivinjari kikisema ERR_NAME_NOT_RESOLVED, au ukatua kwenye ukurasa wa tangazo usiouomba, shuku DNS. Onyo la cheti kwenye tovuti kubwa ni dalili nyingine ya DNS: umepelekwa kwenye seva ya uongo isiyo na cheti halali. Usibonyeze "endelea". ERR_CONNECTION_RESET inayokuja papo hapo, kila mara, kwa tovuti hiyo peke yake, ni dalili ya mtambo kusoma jina na kukata waya. ERR_CONNECTION_TIMED_OUT, unangoja mpaka unachoka, mara nyingi anwani ya IP imezibwa. Na ikifunguka kwa kusuasua huku nyingine zinakimbia, huenda imebanwa kasi, na hiyo ndiyo ngumu kuithibitisha kwa sababu anayebana atasema ni msongamano.

Kama una Termux, programu ya kuandika amri kwenye Android, sakinisha nslookup na curl. Pakiti ni dnsutils na curl. Kisha:

ping -c 1 sw.wikipedia.org
nslookup sw.wikipedia.org 9.9.9.9

Amri ya kwanza inauliza seva ya kampuni (soma anwani iliyo kwenye mabano), ya pili inauliza Quad9, seva ya DNS ya umma. Jibu la kampuni likiwa 127.0.0.1 au anwani inayoanza na 10, umedanganywa. Yakifanana usifurahi haraka: swali la DNS la kawaida linapita wazi, na mtambo unaweza kulidaka hata kama umelielekeza kwingine, ukakujibu uongo uleule kwa jina la Quad9.

Kupima kama jina ndilo linalokamatwa:

curl -v --connect-to ::example.org:443 https://sw.wikipedia.org/

Hapa unakwenda kwenye seva ya example.org, ambayo haina shida na mtu, lakini unataja jina la Wikipedia mlangoni. Mambo yakiwa salama utapata lawama ya cheti kutolingana au kosa jingine la TLS (kufuli la HTTPS), na hilo ndilo jibu zuri. Ukikatwa kwa "Connection reset by peer" wakati example.org yenyewe inafunguka, basi kuna anayesikiliza jina.

FundiBendi

Nyongeza muhimu kwa vipimo vya Bi Kurunzi: usipime ukiwa huna bando. Laini isiyo na salio iko kwenye orodha ya ruhusa peke yake, kwa hiyo kila kisichokuwa cha bure kinaonekana kimezuiwa, kwa dalili zilezile, hadi kupelekwa kwenye ukurasa wa kampuni wa "nunua kifurushi". Ukiripoti hiyo kama udhibiti umepotosha watu. Vivyo hivyo Wi-Fi ya kuingilia kwa nywila ya ukurasani. Weka bando, zima VPN, zima DNS ya faragha, pima kwenye kampuni mbili tofauti kama unaweza, rudia baada ya muda. Kampuni moja inazuia na nyingine haizuii? Huenda ni hitilafu, au amri haijawafikia wote.

Bi_Kurunzi

Sahihi kabisa. Anayetaka kumbukumbu inayoaminika atumie OONI Probe. Inafungua tovuti kutoka kwenye simu yako na kulinganisha na ilivyofunguka kutoka seva isiyo nyuma ya kizuizi, halafu matokeo yanawekwa hadharani. Ni bora kuliko skrinshoti mia. Ila elewa unachokubali: matokeo yanaonyesha nchi, namba ya mtandao wa kampuni yako, na muda. Anwani yako ya IP hawakusudii kuichapisha, lakini kampuni yako inaona simu yako ikifungua orodha nzima ya tovuti zenye utata kwa mpigo. Mahali penye hatari, chagua tovuti za kupima kwa mkono, uache orodha nzima.

Kifaranga_wa_Mtandao

Na za kupenya? DNS ya faragha, VPN, Tor, ipi kwa lipi?

Bi_Kurunzi

DNS ikidanganya, DNS ya faragha inatosha: Mipangilio, Mtandao na intaneti, DNS ya faragha, andika dns.quad9.net au one.one.one.one. Jina la tovuti likikamatwa au IP ikizibwa, DNS haisaidii kitu, unahitaji handaki: VPN au Tor, mtandao unaopitisha trafiki yako kwenye seva kadhaa za kujitolea ili usijulikane. Tor ikizuiwa nayo, ndani ya Tor Browser nenda sehemu ya muunganisho uchague daraja la Snowflake au obfs4. Snowflake inajificha kama simu ya video, obfs4 inajifanya kelele isiyosomeka. Zote ziko taratibu kidogo, kwa maandishi zinatosha.

Intaneti ikizimwa yote, hakuna hata moja kati ya hizi inayofanya kazi. VPN haizalishi mtandao. Na baadhi ya nchi VPN isiyosajiliwa ni kosa kisheria; soma sheria ya ulipo kabla ya kusoma maelekezo yangu.

Mhariri_wa_Usiku

Kwa wanaoandika, si kusoma tu: ukiwa kwenye VPN au Tor, Wikipedia itakusomesha lakini ukibonyeza "hariri" utakuta umefungiwa. Si serikali. Ni Wikipedia yenyewe, inazuia proksi za wazi kwa sababu waharibifu hujificha humo. Mhariri mwenye akaunti na sababu ya kweli anaomba msamaha wa kizuizi cha IP. Omba mapema ukiwa bado huru, maana siku ya kufungwa utakuwa unaomba kupitia mlango uliofungwa.

KabatiLaVitabu

Sasa tuje kwenye kile ambacho hakina orodha ya mtu: nakala isiyotegemea mtandao. Chombo ni Kiwix, mradi ulioanzishwa 2007 na Emmanuel Engelhart. Wikipedia nzima inabanwa kwenye faili moja la ZIM, pamoja na faharasa ya kutafutia, na simu inalisoma bila hata laini.

Jina la faili lisome kwanza, lina kila kitu: wikipedia_sw_all_maxi, kisha mwaka na mwezi. "sw" ni lugha. "all" ni makala zote. "maxi" ina maandishi kamili na picha, "nopic" ina maandishi kamili bila picha, "mini" ina utangulizi wa kila makala tu. Ya Kiingereza aina ya maxi imepita GB 100, nopic ni takriban nusu yake, mini ni zaidi kidogo ya GB 10. Ya Kiswahili ni ndogo, inaingia simu ya kawaida bila kubanana. Kuna pia WikiMed ya tiba, vitabu vya Project Gutenberg, na maswali ya Stack Exchange.

Shusha kwa torenti kama mtandao wako unakatikakatika. Kila kipande kinahakikiwa kikifika, ukikatika unaendelea ulipoishia. Kivinjari kikikatika kwenye GB 9 ya 10 mara nyingi unaanza upya.

Kifaranga_wa_Mtandao

Faili la nopic limegoma kuhamia memori kadi. Simu inasema nafasi haitoshi, na kadi ina GB 60 tupu!

KabatiLaVitabu

Kadi imefomatiwa FAT32. Mfumo huo haubebi faili moja linalofika GB 4, hata kadi iwe tupu. Ifomati exFAT kwenye kompyuta (itafuta kila kitu, hamisha picha zako kwanza). Simu yako haisomi exFAT? Kata ZIM vipande vya chini ya GB 4, Kiwix inavisoma mradi majina yaishie .zimaa, .zimab, .zimac na kuendelea, vyote folda moja. Unafungua cha kwanza tu.

Simu ikikuuliza kadi iwe ya kubebeka au ya ndani, chagua ya kubebeka. Ya ndani inafungwa kwa ufunguo wa simu hiyo, ukiihamishia simu nyingine haisomeki.

Na kadi feki ni ugonjwa mkubwa kuliko serikali, niamini. Imeandikwa 256, ndani ina 32. Inapokea faili lote bila kulalamika, Kiwix inafungua ukurasa wa mwanzo vizuri kabisa, kisha makala hii inafunguka, ile inakwama, nyingine inaangusha programu. Jaribu kadi mpya kwa H2testw kwenye Windows au f3write na f3read kwenye Linux kabla ya kupoteza siku nzima unashusha.

FundiBendi

Mtego mwingine: Kiwix ya Play Store kwenye Android mpya hairuhusiwi kuchungulia hifadhi yote ya simu, kwa kanuni za Google. ZIM uliyopewa na mwenzako haitaiona yenyewe. Chukua APK, yaani faili la kusakinisha programu, kutoka tovuti ya Kiwix wenyewe.

Tundu_la_Sindano

Swali la mchokozi: faili linalopita mkono kwa mkono, nani kasema halijachezewa? Mdhibiti mwenye akili hafungi, anagawa nakala yake iliyopunguzwa.

KabatiLaVitabu

Ndiyo maana kuna alama ya SHA-256. Kwenye anwani ya kushushia ya Kiwix, ongeza .sha256 mwisho wa jina la faili, utapata mstari wenye herufi na tarakimu 64. Kwenye Termux andika sha256sum na jina la faili, ungoje. Zikitofautiana hata moja, faili limeharibika njiani au limechezewa. Alama ichukue mwenyewe kwenye tovuti, kwa njia nyingine na ile uliyopatia faili. Aliyekuchezea faili atakupa na alama inayolingana nalo. ZIM iliyokatwa vipande iunganishe kwanza kwa amri ya cat, alama ni ya faili zima.

Mhariri_wa_Usiku

Njia ya ujumbe wa simu mmeiruka. USSD na SMS zinafika kwenye simu ya vibonyezo isiyo na intaneti. Wikimedia walijaribu na Airtel nchini Kenya mwaka 2013. SMS moja ni herufi 160, ukurasa wa USSD 182, kwa hiyo makala inakuja vijisehemu na menyu inaisha muda ukisita. Kwa faragha ndiyo mbaya kuliko zote. Hakuna HTTPS humo: kampuni inasoma kila neno unalotafuta, likiwa na namba yako pembeni. Hali ya hewa sawa. Jina la mwanasiasa, fikiria tena.

Kifaranga_wa_Mtandao

Kadi imekubali exFAT, shukrani. Sasa nataka darasa zima lisome kutoka simu yangu. Nimewasha sehemu ya Kiwix ya kugawa vitabu kwa hotspoti, imenipa anwani ya 192.168 yenye :8080 mwishoni, wenzangu wanaambiwa ukurasa haupatikani.

FundiBendi

Mambo manne, kwa mpangilio huu. Waandike http:// mwanzoni kwa mkono, kivinjari kikiachiwa kinajaribu https na hakuna cheti hapo. Waandike na :8080, wengi wanaiacha. Wazime data za simu zao: simu ikiona Wi-Fi haina intaneti inarudi kwenye data bila kukuambia, na anwani ya 192.168 haipo huko. Na mwenye VPN aizime, inaweza kumzuia asione vifaa vya karibu.

Hotspoti ya simu nyingi inabeba vifaa 8 au 10, wa 11 atakataliwa. Darasa la 30 linahitaji ruta ndogo, hata isiyo na intaneti, na kompyuta au Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu) iliyounganishwa nayo kwa waya ikiendesha:

kiwix-serve --port=8080 faili.zim

Bila kutaja --port itataka 80, na Linux itakunyima bila ruhusa ya msimamizi. Ukiwa na mafaili kadhaa yaorodheshe yote mstari huohuo, ukiacha nafasi kati ya moja na jingine.

Kifaranga_wa_Mtandao

Ilikuwa https. Inafunguka. Toleo jipya likitoka, linashuka mabadiliko tu au faili zima?

KabatiLaVitabu

Faili zima. Ndiyo maana kubwa wanalibadilisha mara moja moja na dogo kila likitoka. Usifute la zamani kabla alama ya jipya haijalingana.